Maki za jodari unazokunja mwenyewe: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Watu wengi wakiniuliza kuhusu maki huanza na samaki: atoke wapi, ataliwaje mbichi, tumbo halitauma? Ni maswali ya haki na yote yamejibiwa hapa chini. Ila katika maki zote zilizowahi kuniharibikia, samaki aliharibu safari moja tu. Nyingine zote ziliharibiwa na wali. Ndiyo maana wali utatuchukua muda mrefu, na samaki atasubiri zamu yake kwenye friji.

Maki ni kitu gani hasa?

Ni sushi iliyokunjwa ndani ya karatasi ya mwani mkavu, ambayo Wajapani huiita nori. Neno maki lenyewe latokana na kitenzi cha kuviringisha. Nyembamba yenye kitu kimoja ndani ni hosomaki, nene yenye mchanganyiko ni futomaki, na ile ambayo wali umejitokeza nje na mwani umejificha ndani ni uramaki. Hosomaki ya jodari ina jina lake: tekkamaki. Tekka ni chuma kilichoiva motoni kikawa chekundu, na ukiikata maki hiyo ukaona kile kitone chekundu katikati ya weupe, jina linajieleza. Yapo maelezo mengine, kwamba jina limetoka kwenye nyumba za kamari zilizoitwa tekkaba, ambako wachezaji walikula maki hizi kwa vidole bila kuchafua karata. Mimi nayapenda haya ya pili, japo ya kwanza yana mantiki zaidi.

Ukurasa huu unahusu tekkamaki. Ni nyepesi kuliko futomaki kwa sababu ina kitu kimoja tu ndani, na ni ngumu kuliko futomaki kwa sababu hiyo hiyo: hakuna cha kuficha kosa.

Sushi si ndiyo samaki mbichi?

Hapana. Sushi ni wali uliotiwa siki. Samaki mbichi aliyekatwa vipande akaletwa bila wali ni sashimi.

Mwanzoni kabisa wali ulikuwa chombo tu cha kuhifadhia. Samaki alitiwa chumvi, akashindiliwa ndani ya wali, akaachwa miezi mingi achachuke. Siku ya kuliwa samaki akatolewa na wali ukatupwa. Baadaye watu walichoka kusubiri, wakaanza kuutia wali siki ili wapate ile ladha ya uchachu siku hiyo hiyo. Miaka ya 1820, katika mji wa Edo ambao leo ni Tokyo, Hanaya Yohei alisifika kwa kuuza tonge la wali wa siki lenye kipande cha samaki juu, chakula cha kula umesimama. Wali uliokuwa ukitupwa ukawa ndio chakula chenyewe.

Nahitaji vifaa gani?

Kisu kikali, sufuria yenye mfuniko unaokaa vizuri, bakuli pana, mwiko, na mkeka mdogo wa mianzi uitwao makisu. Mkeka ukikosekana, kitambaa kinene cha jikoni kilichofunikwa plastiki ya kufungia chakula kinatosha kwa kuanzia. Mizani ya jikoni nakuombea uwe nayo. Beseni la mbao wanalotumia Wajapani kuchanganyia wali, hangiri, ni zuri kwa sababu mbao hunyonya unyevu unaozidi, lakini halina ulazima.

Nitumie mchele gani?

Mchele wa punje fupi, wa aina ya japonika. Jina la Koshihikari likionekana kwenye mfuko, umefika. Calrose, mchele wa punje za wastani uliozaliwa California, nao unafanya kazi vizuri tu.

Mchele mrefu, ule wa kuchambuka punje moja moja, usijaribu. Najua utajaribu. Tofauti iko kwenye wanga. Wanga wa mchele una sehemu mbili, amilosi na amilopektini. Mchele mrefu una amilosi nyingi, kwa hiyo ukiiva punje zinajitenga na ukipoa zinakauka. Mchele mfupi una amilopektini nyingi, ndiyo inayofanya punje zishikane bila kupondeka na zibaki laini hata zikipoa. Na maki huliwa ikiwa imepoa. Ukiongeza maji kwenye mchele mrefu ili ushikane utapata ujiuji, na ujiuji hauviringishwi.

Usinunue mchele wenye kunata kabisa ule wa vitafunio vitamu. Huo una amilopektini karibu tupu na utakuwa kama gundi.

Naupikaje?

Vipimo hivi vinatoa maki nyembamba 8: mchele gramu 300 na maji mililita 360.

Kuosha kwanza. Mimina maji baridi, koroga mara mbili tatu kwa vidole, mwaga upesi. Maji ya kwanza ndiyo machafu kuliko yote na mchele mkavu hunywa haraka, kwa hiyo ukiyaacha yakae unaunywesha vumbi lake mwenyewe. Kisha sugua mchele polepole kwa kiganja, tia maji, mwaga, rudia mara nne au tano hadi maji yawe karibu maangavu. Yakibaki na ukungu kidogo si kitu. Chuja vizuri.

Weka mchele kwenye sufuria na yale maji 360, uache uloweke nusu saa. Hatua hii watu huiruka, kisha wanalalamika kwamba wali una kiini kigumu. Punje inahitaji kunywa kabla ya moto, la sivyo nje itaiva na kupasuka huku ndani bado.

Funika, chemsha kwa moto wa wastani. Ukisikia mfuniko unaanza kutikisika na mvuke unatoka kwa nguvu, punguza moto uwe mdogo kabisa, hesabu dakika 12. Zima. Acha dakika nyingine 10 hadi 15 bila kufunua. Bila kufunua, nasema. Ule mvuke uliobaki ndani ndio unaomalizia kazi, na kila ukichungulia unaufukuza. Chini kukishika ukoko, uache huko huko. Usiukwangue ukaingia kwenye wali wa maki, kwa sababu punje moja ngumu hutoboa nori.

Siki kiasi gani, na ya aina gani?

Kwa mchele ule wa gramu 300: siki ya mchele vijiko 4 vya chakula (mililita 60), sukari vijiko 2 vya chakula, chumvi kijiko 1 cha chai. Pasha kwenye moto mdogo huku ukikoroga hadi sukari na chumvi viyeyuke, lakini isichemke, maana ikichemka harufu yake nzuri inaondoka na mvuke.

Siki ya mchele ikikosekana, siki ya tufaha inakubalika. Siki nyeupe ya kawaida ni kali zaidi, kwa hiyo tumia vijiko 3 vyake na kijiko 1 cha maji. Angalia pia chupa yako isije ikawa siki iliyokwisha kutiwa sukari na chumvi. Zipo nyingi za namna hiyo, na ukiongeza vingine juu yake utapata wali wa kushangaza.

Siki haipo kwa ladha tu. Wali wa kawaida ukiachwa nje kwenye joto ni makao mazuri ya bakteria aina ya Bacillus cereus, ambao mbegu zake hustahimili kupikwa. Uchachu unawazuia kustawi. Migahawa ya sushi katika baadhi ya nchi hutakiwa kupima uchachu wa wali wao. Kwa hiyo usipunguze siki kwa nusu eti huipendi.

Nauchanganyaje bila kuuponda?

Wali ukiwa wa moto, umwage kwenye bakuli pana na umiminie siki juu ya mwiko ili isambae. Wali ukipoa kabla ya siki haunywi tena. Siki inabaki juu juu, na utakuwa na wali wenye rojo.

Sasa mwiko uutumie kama kisu. Kata kwa ubavu wake, ingiza chini, geuza, kata tena. Usikoroge. Huku mkono mmoja unakata, mwingine upepee, kwa kipepeo, kifuniko cha kopo au gazeti lililokunjwa. Kupepea kunakausha unyevu wa juu haraka, na ndipo utaona punje zinaanza kung'aa moja moja kama zimepakwa mafuta. Ukiona mng'aro huo na mkono wako ukiwekwa juu hausikii mvuke, acha. Funika kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa.

Wali wa kukunjia uwe na joto la ngozi yako. Ukiwa wa moto unalainisha nori na kumpasha jodari. Ukiwa baridi haushikani.

Naweza kuupika wali leo, nikakunja kesho?

Hapana. Niliwahi kufanya hivyo, nikaufunika vizuri na kuuweka kwenye friji, nikijiona mjanja. Asubuhi yake kila punje ilikuwa kama changarawe. Wanga uliopikwa ukikaa kwenye baridi hujipanga upya na kukaza, na ukiupasha moto ili ulainike unapoteza siki yake. Pika siku ile ile.

Nori ina upande wa kulia na wa kushoto?

Ina upande laini unaong'aa na upande wenye mikwaruzo. Unaong'aa unatazama nje, wali unawekwa kwenye mikwaruzo ili ushike.

Karatasi nzima ya kawaida ni sentimita 21 kwa 19. Kwa hosomaki ikate katikati ya ule urefu wa 21, upate nusu mbili za sentimita 19 kwa 10 na nusu. Tunahitaji nusu 8, yaani karatasi 4.

Nori hutengenezwa kama karatasi hasa: mwani unakatwakatwa, unamwagwa kwenye fremu, unakaushwa. Ukioka unageuka kutoka weusi wenye zambarau kuwa kijani, kwa kuwa rangi nyekundu iliyomo inaharibiwa na joto na ya kijani inabaki. Hapa nitatoka nje ya mada kidogo. Kwa karne nyingi wakulima wa mwani wa Japani hawakujua mbegu zake hutoka wapi. Msimu mmoja bahari inajaa, mwingine hakuna kitu. Aliyepata jibu ni mtaalamu wa mimea wa Uingereza, Kathleen Drew-Baker, aliyechapisha mwaka 1949 kwamba mwani huo hupitisha sehemu ya maisha yake ukiwa nyuzinyuzi ndogo ndani ya magamba ya chaza na kome. Kuanzia hapo ukawezekana kupandwa kwa uhakika. Huko Uto, mkoa wa Kumamoto, kuna mnara wake, na kila mwaka mwezi Aprili anakumbukwa. Wanamwita Mama wa Bahari.

Nori yangu imelegea. Niitupe?

Usiitupe. Ipitishe juu ya moto mdogo, mbali kidogo, sekunde chache kila upande, itarudi kuwa kavu na ya kuvunjika. Inayobaki ifungie kwenye mfuko usiopitisha hewa pamoja na kile kipakiti cha kunyonya unyevu kilichokuja nayo.

Sasa samaki. Nitajuaje kama jodari huyu anafaa kuliwa mbichi?

Muulize muuzaji maswali mawili: alivuliwa au kuyeyushwa lini, na amekaa kwenye baridi muda wote? Yule anayeuza samaki wa kuliwa mbichi hatashangaa kuulizwa. Akianza kubabaika, shukuru na uondoke.

Maneno kama "daraja la sushi" kwenye kifungashio yasikutulize sana. Kwa mfano, Marekani hayana maana yoyote ya kisheria; ni muuzaji tu anayekwambia kwamba kwa maoni yake huyu anafaa. Rangi nayo inadanganya. Wekundu wa jodari unatokana na mioglobini, ambayo ikikaa na hewa hugeuka kahawia hata kabla samaki hajaharibika. Kinyume chake, jodari aliyepuliziwa kaboni monoksidi hubaki mwekundu kama tikitimaji hata akiwa ameshachakaa. Umoja wa Ulaya umeipiga marufuku hiyo hila; kwingine inaruhusiwa. Mimi namwamini zaidi jodari mwenye wekundu uliokolea na kufifia kidogo pembeni kuliko yule anayefanana na peremende. Harufu iwe ya bahari au isiwepo kabisa, na nyama ukiibonyeza irudi.

Sasa ile safari moja niliyoitaja mwanzo. Nilinunua kipande kinachometameta kwenye duka moja, sikuuliza kitu. Nilipoonja ukingo wake wakati wa kukata, ulimi ulichonyota kama nimeramba pilipili. Nilitema na kutupa kipande kizima. Mchonyoto huo ni dalili ya histamini. Jodari akikaa kwenye joto, bakteria hubadili kemikali iliyomo kwenye nyama yake, histidini, kuwa histamini. Anayemla huwashwa mdomo, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga, wakati mwingine ndani ya dakika chache. Na hapa ndipo watu wengi hukosea: histamini haiondoki kwa kupikwa wala kugandishwa. Jodari aliyeachwa kwenye joto hana dawa. Halafu si kila mara ulimi utakuonya, kwa hiyo tegemeo lako ni baridi tangu anapovuliwa mpaka anapofika mezani kwako.

Na minyoo je?

Minyoo ya anisakisi hutia hofu zaidi kwenye samaki wengine wa baharini kuliko kwa jodari wakubwa. Dawa yake ni kugandisha. Kiwango cha mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ni nyuzi 20 chini ya sifuri kwa siku 7, au nyuzi 35 chini ya sifuri kwa saa 15. Spishi kadhaa za jodari, akiwemo mwenye mapezi ya njano (Thunnus albacares) na mwenye macho makubwa (Thunnus obesus), zimesamehewa sharti hilo. Friza nyingi za nyumbani zinaishia nyuzi 18, na kila ukifungua mlango joto linapanda, kwa hiyo usijifanye kiwanda. Nunua aliyekwisha kugandishwa na wenye kazi yao.

Hakuna aibu kumla jodari aliyegandishwa. Sehemu kubwa ya jodari wa sushi duniani hugandishwa melini kwenye baridi kali sana, na akiyeyushwa vizuri huwezi kumtofautisha.

Namyeyushaje?

Kama amefungwa kwenye plastiki iliyoondolewa hewa, toboa au fungua kwanza. Kuna bakteria wa sumu ya botulini wanaopenda mahali pasipo na hewa, na wengine wao huweza kukua hata kwenye baridi ya friji.

Yeyusha chumvi kwenye maji ya vuguvugu, gramu 30 hadi 40 kwa lita. Mtumbukize jodari kwa dakika moja tu, kumuosha ungaunga wa msumeno uliomkata akiwa barafu na kuamsha sehemu ya nje. Mkaushe, mzungushie karatasi za jikoni, muweke kwenye sahani ndani ya friji saa chache. Karatasi zikilowa zibadilishe. Mkate angali na ugumu kidogo katikati. Atakatika kwa urahisi mno. Usimuache juu ya meza ayeyuke mwenyewe, na usimgandishe tena.

Mjamzito anaweza kula?

Samaki mbichi aache, na jodari wa aina kubwa apunguze hata akipikwa kwa sababu ya zebaki. Jodari wenye macho makubwa wana zebaki zaidi kuliko jodari wadogo. Watoto wadogo, wazee sana na wenye kinga dhaifu nao wale maki isiyo na samaki mbichi.

Mimi sitaki kabisa samaki mbichi. Nifanyeje?

Chukua jodari wa kopo, mkamue hadi akauke, mchanganye na mayonezi kidogo. Sio ujanja wa kubahatisha. Japani kwenyewe maki na matonge ya wali yenye mchanganyiko huo huuzwa kila mahali. Tatizo lake ni majimaji: usipomkamua vizuri, nori inalowa kabla hujafika mezani. Njia nyingine ni kumbabua jodari pande zote kwenye kikaango chenye moto mkali, lakini katikati anabaki mbichi, kwa hiyo hiyo si suluhisho la aliyeogopa.

Namkataje?

Toa nyama nyeusi iliyokolea damu, ina ladha kali. Kata vijiti vyenye upana na kimo cha sentimita 1, urefu sentimita 19. Visipofika, unga viwili kwa urefu, hakuna atakayejua. Kwa maki 8 gramu 200 zinatosha na kubakiza kidogo. Vuta kisu kwa mpigo mmoja kuelekea kwako, usikisugue mbele na nyuma. Ukimaliza, vijiti virudi kwenye friji hadi dakika ya kukunja.

Tumbo la jodari lenye mafuta, toro, si la lazima na kwa hosomaki mimi naona nyama nyekundu ya mgongoni inafaa zaidi. Enzi za Edo toro iliitwa neko matagi, yaani kitu ambacho hata paka angekiruka aende zake. Leo wanaigombania.

Nimlowanishe kwenye sosi ya soya kwanza?

Ukipenda. Huitwa zuke, na ilikuwa njia ya kumtunza jodari kabla ya friji. Dakika 10 kwenye sosi ya soya zinatosha, kisha mkaushe kweli kweli. Mapishi mengi huongeza mirini, ambayo ni kilevi cha mchele. Asiyetumia kilevi atie sukari kidogo badala yake.

Nimefika kwenye kukunja. Nielekeze taratibu.

Weka karibu bakuli la maji yenye kijiko cha siki. Chovya ncha za vidole, piga makofi mara moja ili maji yaruke. Mikono iwe na unyevu, isichuruzike. Mikono mikavu, wali wote utaishia vidoleni. Mikono inayochuruzika, nori itakatika.

Tandaza mkeka, vijiti vyake vikiwa vimelala kutoka kushoto kwenda kulia. Nori juu yake, mng'aro chini, ule upande wa sentimita 19 ukutazame na ulingane na ukingo wa mkeka wa karibu nawe.

Chukua wali gramu 80. Pima mara ya kwanza, mkono utakumbuka baadaye. Utauona mchache. Sio mchache. Kila mtu huongeza, na maki yake hupasuka au kugeuka gogo lisiloingia mdomoni. Ulaze kama kamba kwenye sehemu ya juu ya nori, acha ukanda mtupu wa sentimita 1 mbali nawe, kisha uvute kuja chini kwa ncha za vidole hadi ufunike. Unasambaza, hugandamizi. Mwishoni kabisa, pale wali unapokutana na ukanda mtupu, acha kijituta kidogo kitakachomzuia jodari asiteleze.

Paka wasabi, ile rojo ya kijani ya mzizi mkali wa Kijapani, mstari mwembamba katikati ukipenda. Laza jodari juu yake.

Vidole gumba viingie chini ya mkeka, vidole vingine vimshikilie jodari. Inua ukingo wa mkeka na uupeleke mbele kwa safari moja, bila kusita, mpaka ukingo wa karibu wa nori utue pale wali unapoishia. Hapo ndipo siri ilipo: wali unakutana na wali, na jodari amefungiwa katikati. Ukitua mapema, jodari anakwenda pembeni na nori inajizungusha ndani kama konokono. Vuta mkeka kidogo kuja kwako kukaza, inua ukingo wake usijikunje humo ndani, endelea kuviringisha hadi ule ukanda mtupu ushike. Kandamiza kwa upole juu na pembeni. Maki inaweza kuwa duara au pembe nne, zote ni halali. Iache imelalia mshono dakika moja, unyevu wa wali utaugandisha. Hakuna haja ya kupaka maji.

Maki yangu inapasuka. Wali mwingi, au umeikaza kwa nguvu mno.

Inafunguka. Umejaza wali hadi ukingo wa mwisho, hakuna nori tupu ya kushikia.

Nori inatafunika kama mpira. Imekaa muda mrefu baada ya kukunjwa. Hosomaki nzuri ina dakika chache tu za kuvunjika chini ya meno. Ndiyo sababu mimi hukunja huku watu wameshakaa.

Naikata vipande vingapi?

Sita. Kwanza katikati, weka nusu mbili bega kwa bega, kisha zikate pamoja mara mbili. Futa kisu kwa kitambaa kibichi kila baada ya mkato, kila mmoja, hata ukiona uvivu. Wanga ukikauka kwenye makali, kisu kinararua badala ya kukata. Maki 8 zitatoa vipande 48, ambavyo ni mlo wa watu watatu au wanne.

Naweza kula kwa mkono?

Ndiyo, hata Japani. Chovya ncha tu kwenye sosi ya soya. Tangawizi ya siki ni ya kusafisha ulimi kati ya aina moja ya sushi na nyingine. Haiwekwi juu ya maki. Wasabi nyingi za kwenye mirija ni mzizi mwingine mkali uliochanganywa na haradali na rangi ya kijani, na kwa maki za nyumbani zinatosha kabisa.

Zikibaki?

Zenye jodari mbichi zisikae mezani zaidi ya saa 2, na kwenye joto kali pungufu ya hapo. Kuziweka friji hadi kesho sikushauri: wali utakuwa ile changarawe niliyokwambia, na samaki hatakuwa bora. Kunja chache, zikiisha kunja nyingine.

Vijipande vya jodari vilivyobaki baada ya kukata nivifanyie nini?

Hivyo vitunze, ni vitamu kuliko vijiti. Kwangua kwa kijiko nyama iliyo katikati ya nyuzi nyeupe, katakata vyote pamoja na majani ya kitunguu hadi vishikane, ukunjie maki ya mwisho. Au viweke juu ya wali uliobaki kwenye bakuli, vunjavunja nori iliyochanika juu yake, dondoshea sosi ya soya. Mpishi ndiye anayekula hicho, amesimama jikoni.